Kizibo Kimoja Kiko Mkononi

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Kidato cha Nne, niliandika ubaoni: mfukoni mna vizibo vya soda 8, vyekundu 5. Ukitoa 2 bila kurudisha, uwezekano wa vyote kuwa vyekundu ni ngapi? Nikakokotoa mwenyewe, 5/8 × 5/8. Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kimoja si unacho mkononi?"

Aibu! Kweli, vimebaki 7, na vyekundu ni 4 tu. Kwa hiyo 5/8 × 4/7, yaani 5/14. Ile 25/64 yangu ni ya mtu anayerudisha kizibo kabla ya kutoa tena. Wiki iliyofuata nilikuja na mfuko wenyewe, ukapita dawati kwa dawati. Kelele zilikuwepo, sikatai, ila 5/8 ya pili haikuonekana tena daftarini.