Karata za wawili wawili zina funzo kwa baba na mama

Jioni kibarazani Mahege, wilayani Kibiti, karata zikichezwa wawili kwa wawili, mwenzi huweza kukukonyeza kuwa ana turufu. Kwenye briji, kukonyezana ni wizi.

Briji huchezwa na watu wanne, kila mmoja karata 13. Kabla ya kucheza hufanyika mnada. Ukisema "moja kopa", umeahidi kushinda mizunguko saba kati ya 13, kopa ikiwa turufu.

Mnada huo pia ni mazungumzo. Mmoja akifungua "moja bila turufu", mwenzake akajibu "mbili pau", hataki pau. Anauliza: unazo kopa nne au shupaza nne? Swali hilo huitwa Stayman, kwa jina la Mmarekani Samuel Stayman aliyeliandikia mwaka 1945. Wapinzani wakiuliza maana yake, lazima waelezwe. Makubaliano ya siri hayaruhusiwi.

Mzazi, hata nyumbani ni hivyo. Mtoto akiomba simu, baba akasema "chukua" na mama "weka", mtoto atajifunza kumwendea aliye mlaini. Kubalianeni mapema, na watoto waijue kanuni.