Miaka Arobaini ya Kungoja Maji ya Ruvu

Sensa ya 1978 iliwakuta Dar es Salaam watu 843,090. Miaka miwili kabla yake, mtambo wa Ruvu Chini ulikuwa umeanza kusukuma maji kutoka upande wa Bagamoyo hadi kwenye matangi ya mlima wa Chuo Kikuu. Sensa ya 2012 ikawakuta watu 4,364,541. Kati ya sensa hizo mbili, jiji halikujengewa mtambo mwingine mkubwa wa kuchota maji mtoni. Anayetaka kujua kwa nini mama wa Mbagala au Goba amezoea kuamka saa tisa usiku kusikiliza kama koki inatoa, aanzie hapo.

Mwanzoni mji huu ulikunywa maji ya visima, na Wajerumani walipoufanya makao yao makuu mwaka 1891 hali haikubadilika sana. Chanzo cha kwanza cha mtoni kilikuwa Mtoni, upande wa Temeke, kwenye mto Kizinga. Ni mto mdogo, na mtambo wake ulikuwa mdogo vilevile. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na bomba lake likafuata barabara ya Morogoro hadi matangi ya Kimara. Tangu hapo Dar es Salaam imekuwa mgeni wa Milima ya Uluguru, kwa kuwa mto Ruvu unatoka huko.

Mitambo ilisimama palepale huku mji ukipanda kila kilima. Tabata, Kimara, Tegeta na Mbagala zikajaa nyumba kabla mchoro wa mabomba haujafika. Hata maji yaliyosukumwa hayakufika yote, maana bomba kuu lilipita katikati ya watu wenye kiu. Mwenye nyumba aliyekuwa kando yake alimtafuta kishoka, yaani fundi wa magendo, naye akaja usiku na msumeno, na asubuhi nyumba ilikuwa na maji yasiyo na mita. Ndipo mtaa wa mbele ukakosa. Mabomba yaliyozeeka nayo yakavuja chini kwa chini, miaka nenda rudi.

Ukitaka kuuona upungufu huo kwa karibu, tazama ua wa nyumba ya kupanga. Pipa la bluu liko chini ya mchirizi wa bati. Pembeni kuna madumu ya lita ishirini, kila mpangaji ameandika jina lake kwa rangi. Kuna ndoo ya maji ya chumvi ya kisima, ya kufulia na kusukumia chooni, na kuna ndoo yenye mfuniko, ya maji ya bomba, ya kupikia na kunywa, ambayo mtoto hagusi bila ruhusa. Muuza maji akipita na mkokoteni, bei yake hupanda kadiri mgawo unavyokaza. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika historia hii yote: anayenunua kwa dumu hulipa kila lita kwa bei kubwa kuliko mwenye mita ya nyumbani anayeletewa ankara mwisho wa mwezi. Na kisima kilichochimbwa jirani na choo kina gharama nyingine. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kiliipiga Dar es Salaam kwa nguvu.

Katikati ya ungojaji huo kulifanyika jaribio lililosikika dunia nzima. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walitaka huduma iendeshwe na kampuni binafsi, na Agosti 2003 kampuni ya City Water ikaanza kazi kwa mkataba wa miaka kumi. Ndani yake walikuwamo Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani. Mabomba na mitambo ilibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kampuni ilikabidhiwa kuendesha huduma na kukusanya fedha. Mei 2005, chini ya waziri wa maji Edward Lowassa, serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, ikisema kampuni imeshindwa kutimiza iliyoahidi. DAWASCO, shirika la umma, ikachukua nafasi yake. Biwater ilikwenda kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na mwaka 2008 uamuzi ukatoka: Tanzania ilikuwa imekiuka wajibu wake katika baadhi ya mambo, lakini haikutakiwa kulipa fidia.

Mimi naamini jaribio lile lilianzia pasipostahili. Mwenye koki kavu hakuwa na shida ya nani anamletea ankara. Alikosa maji. Mabadiliko yalionekana pale tu mitambo yenyewe ilipopanuliwa: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, kwa msaada wa Marekani, na Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 hadi 196, kwa mkopo wa India. Ilikuwa imepita miaka arobaini hivi tangu 1976.

Lakini mitambo haitengenezi maji. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikashuka, na mgawo ukarudi hata kwenye mitaa iliyokuwa imeshausahau. Mwezi Novemba, katikati ya adha hiyo, serikali ilisaini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la kuhifadhi maji ya masika ili yaachiwe mtoni wakati wa kiangazi. Bwawa hilo lilizungumzwa kwa miongo mingi bila kuchimbwa. Sasa linajengwa, na maswali ya kuiuliza wizara kila bajeti ni mawili: ujenzi umefikia wapi, na miteremko ya Uluguru inayolimwa hadi kingo za vijito itaachia udongo kiasi gani ndani ya bwawa hilo.