Zawadi ya Krismasi kwa Mkulima wa Nyumbani: Mjue Kwanza, Ndipo Ulipe

Desemba mwaka juzi nilimtumia mama Sh3,000 na meseji: "Hii ni ya shamba, Mama. Krismasi njema." Mama anaishi Voi, nje kidogo ya mji, na ana kishamba cha kunde, mchicha na mihogo ambacho anakipenda kuliko anavyonipenda mimi (natania, lakini kidogo tu). Nilipomuuliza Januari shamba limepata nini, alicheka. Elfu moja ilienda kwa unga na mafuta kwa sababu wageni walifika kumi na mmoja. Elfu moja mia tano ilimalizia karo ya binamu yangu. Zilizobaki zilipotelea kwa nauli na vitu vidogo vidogo. "Lakini asante mwanangu, zilisaidia sana."

Zilisaidia, sikatai. Ila neti ya kivuli niliyokuwa nayo akilini haikununuliwa, na kufikia Februari jua la Voi lilikuwa limemaliza mchicha wote. Kosa lilikuwa langu. Pesa ikishaingia kwa simu ya mama inakuwa pesa ya nyumba nzima, na sijamwona mama wa huku kwetu ambaye atanyima wageni chakula ili akanunulie mchicha neti.

Mwaka jana nikabadilisha mtindo. Nilipigia simu agroveti moja mjini, nikauliza bei, nikalipia neti yenyewe kwa namba ya till, mama akaenda kuichukua siku ya soko. Neti iko juu hadi leo. Kwa hivyo kama mwaka huu unafikiria kumtunza mkulima wa kwenu, haya ndiyo niliyojifunza, na mengi niliyajifunza kwa kukosea.

Taita Taveta sio shamba moja

Voi iko takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Mwatate na kuanza kupanda kuelekea Wundanyi, unavuta sweta. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Ukishuka upande wa pili unafika Taveta, kwenye ndizi na mifereji ya maji. Yote hiyo ni kaunti moja, na mtu anaweza kuizunguka kwa siku moja na matatu mbili tatu. Lakini mbegu inayocheka Werugha italia Voi.

Mjomba wangu aliwahi kuletewa na mwanawe, kutoka Nairobi, pakiti ya mahindi ya jamii ya 600, zile zinazofanya vizuri Kitale. Hizo zinataka baridi na miezi sita au zaidi shambani. Mvua ya Voi haikai hata miezi mitatu. Mahindi yalirefuka, yakapendeza kwa picha, kisha yakakauka bila kubeba. Waliosherehekea ni ng'ombe. Kwa mkulima wa chini, kama ni lazima iwe mahindi, ulizia ya ukame kama DH04. Lakini mimi ningenunua pojo, kunde au mtama kwanza, maana hizo zimezoea shida.

Kuna pia suala la kalenda. Novemba na Desemba ndiyo miezi yenye mvua zaidi Voi. Wakati wewe unakata tiketi ya SGR kuja nyumbani, mkulima aliye makini alishapanda wiki nyingi zilizopita, na pojo yake inakaribia kukomaa mwezi wa Januari. Ukimletea mbegu tarehe 24 Desemba, umemletea kitu cha kuweka kabatini hadi Machi, na mvua ya Machi huku chini haiaminiki. Zawadi inayomfaa siku hiyo ni ya kuvunia na kuhifadhi. Magunia ya kuhifadhia nafaka yasiyopitisha hewa, kwa mfano, yanazuia wadudu bila dawa. Gunia si zawadi ya kupiga nayo selfi, najua. Lakini muulize mtu aliyewahi kufungua pojo yake mwezi wa nne akakuta ni unga na fukusi.

Mkulima wa Voi anataka maji, au kitu cha kuokoa maji

Bomba linalotoa maji chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, hupita huku kwetu likielekea Mombasa, na bado kuna mitaa ya Voi ambapo mfereji ukitoa maji watu wanaitana. Kwa hivyo mkulima wa hapa, hasa yule wa bustani ya nyuma ya nyumba, usimpelekee kitu chenye kiu. Mimi nilimpelekea mama miche sita ya waridi kutoka kando ya barabara Nairobi. Aliimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, kwa heshima yangu tu, mpaka ikafa kwa amani.

Ninachoshauri ni hivi: neti ya kivuli kama unaweza, mitungi ya lita 20 iliyo imara, au ndoo ya umwagiliaji wa matone, ile inayowekwa juu ya stendi na kuunganishwa na mipira myembamba yenye vitundu. Ndoo ikijazwa asubuhi, kila mche unapata maji yake polepole kwenye mizizi na jua halipati cha kuiba.

Na kama mfuko umekauka (Desemba, tunaelewana), mtengenezee bustani ya gunia. Gunia moja, udongo uliochanganywa na samadi, na katikati nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yashuke yafike kote. Unapanda sukuma juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gharama kubwa hapo ni jasho lako la asubuhi moja, na mama atakuonyesha kwa majirani mwaka mzima.

Sagalla na kwingine wanakopita ndovu

Kama mkulima wako anapakana na Tsavo, unajua tayari kwamba adui yake hana miguu sita. Ndovu wakiingia usiku mmoja, msimu umekwisha. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamekuwa wakishirikiana tangu 2009 na mradi wa Dkt. Lucy King wa shirika la Save the Elephants kutumia ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10 hivi, mingine ya kweli na mingine ya bandia, na yote inaunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na kazi yao. Utafiti wao uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba takribani asilimia 80 ya ndovu waliokaribia mashamba hayo walizuiwa. Na asali inauzwa.

Hapa niwe mkweli kuhusu zawadi. Mzinga mmoja haufanyi ua. Ukimpelekea mzee mzinga mmoja peke yake, umempa asali, hujampa ulinzi. Tena ukame ukizidi, nyuki huhama na mizinga inabaki mitupu wakati ndovu nao wana njaa. Kwa hivyo hii ni zawadi ya kuchanga. Ndugu watano mkiweka pesa kila mwezi kuanzia Januari, mnaweza kufika mahali. Wekeni kwenye akaunti ya chama yenye watia saini zaidi ya mmoja, isikae kwa simu ya mtu mmoja mwenye moyo mzuri. Na kama mzee tayari ana mizinga, mnunulie mavazi ya kurinia asali. Wengi wanarina na koti kuukuu na maombi.

Milimani na Taveta

Nyanya yangu wa Werugha analima nyanya. (Ndiyo, tumeshafanya huo utani wote, na hacheki tena.) Ana matuta yake kwenye mteremko, kabichi upande mmoja, na gari la mboga la kwenda Mombasa likipita anajua bei kuliko dereva. Shida yangu naye ni dawa. Anabeba pampu mgongoni, amejifunga leso mdomoni, mikono mitupu, na upepo wa mlimani unamrudishia ile dawa usoni. Mwaka huu hapati leso nyingine kutoka kwangu. Anapata glavu za mpira, barakoa ya kupigia dawa, miwani na gambuti. Kama una mkulima wa mboga milimani, kabla ya kununua kitu kingine chochote, muulize anapiga dawa akiwa amevaa nini.

Mche wa avokado uliopandikizwa pia ni zawadi nzuri kwa watu wa juu. Unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi, na ule wa kupanda kwa kokwa unakuchelewesha zaidi na hujui utazaa nini.

Kwa wapenda maua, ombi moja tu. Kuna Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau ambalo watu duniani kote wanaliweka dirishani. Aina yake moja, iliyopewa jina la Taita, inamea porini kwenye msitu wa Mbololo na si mahali pengine. Usilichimbe kumpelekea mtu. Nunua ua la kitalu.

Taveta sitasema mengi, wana maji na wana ndizi, wanajua wanachofanya. Ukitaka kumfurahisha mkulima wa huko, muulizie miche ya ndizi iliyokuzwa maabara, kwa sababu inaanza bila magonjwa ya shamba la jirani.

Sasa, kulipa

Piga simu dukani kwanza. Uliza kama bidhaa ipo, bei yake, na namba yao ya till. Ukikataliwa till na kuambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, tafuta duka lingine. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la duka, simama hapo hapo, maana ni rahisi zaidi kuliko kuomba pesa irudishwe tarehe 26 wakati kila mtu anaomba. Ukishalipa, mtumie mkulima wako meseji ya malipo ilivyo, pamoja na jina la bidhaa, na uwaambie dukani ni nani anakuja kuichukua. Mzee asiyesoma meseji anaweza kwenda na mjukuu.

Kwa mbegu kuna hatua moja zaidi. Pakiti halali ina stika ya KEPHIS. Mwambie aikwangue akiwa bado dukani, na atume namba iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393. Jibu litamwambia mbegu hiyo ni ya kampuni gani na ya aina gani. Mimi niliwahi kununua kunde zisizo na stika kwa mchuuzi mmoja aliyekuwa na maneno matamu. Ziliota mbili.

Na msimu huu mtaona zile meseji za "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha". Wanazituma sana kwa wazee Desemba kwa sababu wanajua watoto wanatuma pesa. Mwambie mama asiangalie meseji, aangalie salio. Kama salio halijaongezeka, hakuna kilichoingia, na hakuna wa kurudishiwa. PIN haombwi na mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Mama yangu, kwa upande wake, ameshaacha adabu ya "chochote tu mwanangu". Wiki iliyopita alinipigia akasema anataka wilbaro, yenye tairi la mpira mgumu, sio la kujaza upepo, kwa sababu miiba ya Voi haina huruma. Nimeuliza dukani. Zimebaki mbili, nalipa Ijumaa.