Afya ya akili na mila zetu (4): Sengu ya Wamatengo na sonona vyuoni

Vyuo vinafunguliwa, na tarehe 10 Oktoba dunia inaadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Vijana wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wamefunga mabegi kwenda Dodoma, Iringa na Dar es Salaam. Dalili za sonona tulizipitia katika sehemu zilizotangulia, sitazirudia. Leo nizungumzie sengu, jambo ambalo wanaonifahamu wameshachoka kulisikia.

Sengu ilikuwa baraza la ukoo la Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga. Babu, wanawe na wajukuu wa kiume walikusanyika kwa mkubwa wao, wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba zote. Hapo mambo ya shamba yalipangwa, magomvi yakaamuliwa, vijana wakafundwa. Ikumbukwe kuwa vita vya Wangoni katika karne ya 19 viliwasukuma Wamatengo milimani, wakabanana kwenye miteremko mikali. Huko walilima ngoro, yaani mashamba ya mashimo, na ngoro hazilimwi na mtu mmoja: wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, wanawake huyafukia kwa udongo mpaka mashimo yajitokeze, na mvua inyeshapo maji hutulia humo badala ya kuchukua shamba. Kazi ya namna hiyo inataka watu wanaoonana kila siku. Sengu ndiyo iliyowakutanisha.

Ikaja kahawa katika miaka ya 1920, ushirika wa NGOMAT ukaundwa mwaka 1936, na kila kaya ikaanza kuhesabu fedha zake kivyake. Sengu ikafifia. Hata hivyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipofanya kazi kijijini Kindimba, kamati ya wanakijiji iliyosimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ilichukua jina hilohilo, Sengu. Mila ikipewa kazi, haifi.

Wengi husifu mawaidha ya sengu. Mimi nasifu utaratibu wake. Kijana hakwenda pale kuomba msaada, alikwenda kula. Aliyechezea tonge siku mbili tatu mfululizo alionekana, akaulizwa, bila kulazimika kutangaza kwamba ana tatizo. Kasoro yake ni kuwa mabinti hawakuketi humo, na hilo tusilirithi.

Sasa tazama chuoni. Ofisi ya mshauri nasaha ina kibao mlangoni, na anayeingia anaonekana na darasa zima. Jijini Dodoma, jina la Mirembe, hospitali inayotibu wagonjwa wa akili tangu 1927, limegeuzwa mzaha: ukisema hulali, wenzako wanakwambia wewe sasa ni wa Mirembe. Nyumbani nako, mzazi aliyeuza kahawa au usipa ili kulipa ada husikia habari za sapu, yaani mtihani wa marudio, akanuna. Akielezwa kwamba mtoto haongei na mtu, jibu ni kwamba kusoma kumemzidi, au ametupiwa kitu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Aibu yetu inaua.

Nafasi imenibana, niseme kwa ufupi. Mwanafunzi ambaye huzuni imemkalia wiki mbili na zaidi aende zahanati ya chuo. Sonona hutibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa, na anayeogopa kwenda peke yake asindikizwe na mwenzake wa chumbani. Vyuo viwapeleke washauri kwenye mabweni na kantini badala ya kuwangoja ofisini. Na mzazi anayesema sonona ni uvivu atueleze: kijana yuleyule aliyekuwa akiamka alfajiri kulima ngoro, imekuwaje leo hawezi kunyanyuka kitandani?

Bado kuna Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo kifungu chake cha 217 kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilishatamka Januari 2025 kwamba kosa la aina hiyo linakwenda kinyume na katiba yao. Hilo tutalichambua sehemu ijayo.