Altrasaundi na Pumzi ya Mgonjwa

Kina mama wa Temeke na Kinondoni wanaijua altrasaundi kwa kumtazama mtoto tumboni. Chombo hicho humfaa pia mgonjwa mahututi. Mtu akipumuliwa na mashine siku nyingi, kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, hudhoofu. Akiondolewa mashine mapema, huenda pumzi ikamshinda. Akicheleweshwa, msuli huzidi kulegea. Kwa hiyo daktari humjaribu kwanza, apumue mwenyewe kwa muda. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa altrasaundi ikiona mapafu yanapoteza hewa katika jaribio hilo, hatari ya kushindwa baadaye ni kubwa. Chombo husukumwa hadi kitandani. Lililobaki ni kuwafundisha wanaokishika.