Utangulizi: Anga la Uyole kwa Macho Mawili

Uyole, huku Nyanda za Juu Kusini, iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kwa anayetaka kujifunza nyota hiyo ni bahati kubwa. Mkazi wa London hayaoni kamwe Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo za jirani, akiwa kwao, kwani hayachomozi huko. Mkazi wa Cape Town huipata galaksi ya Andromeda, lakini kwake haipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa kaskazini, mahali ambapo vumbi na utusitusi wa hewa humeza vitu hafifu. Sisi, katikati ya Oktoba mnamo saa saba usiku, tunaiona Andromeda upande wa kaskazini na Mawingu yote mawili upande wa kusini, wakati uleule, bila kutoka uani. Mwanga wa Andromeda unaokuingia jichoni umesafiri takriban miaka milioni 2.5. Ule wa Wingu Kubwa la Magellan umesafiri miaka 160,000 hivi.

Kurasa zinazofuata zinahusu kulitazama anga hilo ukiwa nyumbani, kwa darubini kubwa ya macho mawili. Wengi hudhani hicho ni chombo cha muda tu, cha mtu anayesubiri kupata teleskopu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mambo mazuri kuliko yote katika anga la Nyanda za Juu Kusini yametanda: Njia Nyeupe yenyewe, mawingu ya gesi, mafungu ya nyota, na Wingu Kubwa la Magellan ambalo upana wake unazidi mwezi mpevu mara kumi. Teleskopu ndefu hukuonyesha kipande kidogo cha vitu hivyo kwa wakati mmoja. Darubini ya 15x70 huonyesha eneo la nyuzi 4 hivi, yaani miezi mipevu minane ikiwa imepangwa mstari, na tena huonyesha picha wima, si kichwa chini miguu juu.

Wala si chombo cha wanagenzi. Januari 1996, Yuji Hyakutake wa Japani aligundua nyotamkia iliyopewa jina lake akitumia darubini ya macho mawili ya 25x150; miezi miwili baadaye nyotamkia hiyo ilipita karibu na dunia na watu wengi wakaiona bila chombo chochote. Mwingereza George Alcock, aliyekuwa mwalimu wa shule, alikariri mpangilio wa maelfu ya nyota kwa darubini za namna hii, akagundua nyotamkia tano. Ya mwisho, mwaka 1983, aliigundua akiwa ndani ya nyumba yake, akitazama kupitia kioo cha dirisha.

Namba mbili zinazoandikwa kwenye darubini ni rahisi kusoma. Katika 15x70, ya kwanza ni ukuzaji: kitu huonekana kimesogea karibu mara 15. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na kwa kazi ya usiku hiyo ndiyo yenye uzito. Mboni ya jicho la kijana hufunguka kama milimita 7 gizani, kwa hiyo lenzi ya milimita 70 hukusanya mwanga mara 100 zaidi. Usivutwe na ukuzaji mkubwa kwenye lenzi ndogo. Kabla ya kulipa, itazame ncha ya mnara wa simu ulio mbali. Ukiona ncha mbili, au macho yakianza kuuma baada ya dakika chache, prizimu za ndani zimehama kidogo, jambo la kawaida kwa chombo kilichorushwarushwa njiani. Kiache hapo dukani.

Darubini ya 15x70 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na mikono huchoka upesi. Nyota hucheza na huoni kitu. Stendi ya miguu mitatu hufaa kwa vitu vilivyo chini angani. Tatizo ni kwamba Nge na Jabari hupita karibu na utosi wetu, na hapo stendi humlazimisha mtu apinde shingo kama anayekunywa maji ya mwisho ya kibuyu. Mpelekee fundi seremala mchoro huu: papi mbili za mbao zenye urefu wa mita moja na nusu, zilizo sambamba, zimeunganishwa kwa boliti kwenye pembe zote nne ili zipande na kushuka pamoja juu ya nguzo. Mbele funga darubini, nyuma ning'iniza kopo la mchanga wa kulingana nayo uzito. Ukimtegea mtu mzima nyota, kisha ukaishusha darubini mpaka usawa wa mtoto, nyota ileile inabaki katikati ya kioo. Sijaona kifaa kingine kinachofaa zaidi kwa familia. Ukiwa peke yako, mkeka, mto na blanketi zito vinatosha.

Blanketi nalitaja kwa dhati. Uyole ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Karibu sehemu moja ya tano ya hewa ya dunia iko chini yako, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya nyota kung'aa vile. Lakini baridi ya Juni na Julai haina huruma. Vaa sweta mbili, zima taa ya uani, funika tochi kwa kitambaa chekundu, uweke simu mfukoni. Macho yanahitaji nusu saa kulizoea giza, na kioo cha simu huyarudisha mwanzo kwa sekunde moja. Taa za malori ya barabara kuu ya Zambia zikingwe kwa ukuta wa nyumba. Na mweleze mjumbe wa nyumba kumi unachofanya, umkaribishe atazame, maana mtu anayekaa nje usiku wa manane na mtambo asioueleza huzua maneno.

Majira yametupendelea. Mvua hukatika Mei, na anga hufunguka wakati ule ule sehemu nono ya Njia Nyeupe inapopanda jioni. Mapema Juni, saa tatu usiku, tafuta Omega Centauri kusini, katikati ya upeo na utosi: kwa macho ni nyota yenye ukungu, kwa darubini ni donge la mwanga la mamilioni ya nyota. Mwisho wa Julai Nge yuko juu. Agosti, saa hiyohiyo, kitovu cha galaksi yetu kiko juu sana, na hapo weka ramani pembeni utembeze darubini polepole. Septemba moshi wa mashamba yanayochomwa huharibu mengi. Novemba Kilimia huchomoza jioni, wakulima wakiwa wanapanda. Macho huhesabu nyota sita au saba, darubini huonyesha makumi.

Onyo moja halina mjadala: darubini isielekezwe kwenye jua, hata kwa kufumba na kufumbua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, watu walikusanyika Rujewa wakiwa na miwani maalumu, na miwani hiyo haitoshi mbele ya lenzi kubwa. Mchana, badala ya kulielekea jua, nenda Ndolezi ukakiguse Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka huko huko tunakokutazama.

Weka daftari tangu usiku wa kwanza. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na ulichokiona, hata kama ni "sikukiona". Pana kazi ya kweli inayofanyika kwa njia hiyo: shirika la AAVSO la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1911, hupokea makadirio ya mng'ao wa nyota geugeu kutoka kwa watazamaji wa kawaida duniani kote. Eta Carinae inafaa kuanzia. Mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku, ikizidiwa na Sirius tu, kisha ikafifia. Mei, saa mbili usiku, iko kusini, ndani ya wingu la gesi upande wa kulia wa Msalaba wa Kusini. Tafuta karibu yake nyota moja inayoizidi kidogo na nyingine iliyo hafifu kuliko yenyewe, ukadirie iko wapi kati ya hizo mbili, uandike, na urudie wiki inayofuata.