Nyuzi za gitaa kwenye banjo la nyuzi nne

Ukipata banjo la nyuzi nne Chato, tatizo la kwanza ni nyuzi. Za gitaa utazipata, maana kila kwaya ina gitaa. Za banjo utaagiza nje, ulipie usafirishaji na pengine ushuru. Mimi nimeacha kuagiza.

Waairishi hulituni GDAE, mtindo ulioenezwa na Barney McKenna wa The Dubliners, kundi lililoanza Dublin mwaka 1962. Ni sauti za fidla, oktava moja chini. Bahati nzuri, E hiyo ndiyo ya uzi wa kwanza wa gitaa, na D ni ya uzi wa nne. Basi nunua seti moja ya gitaa la akustika, ile ya unene wa 12: wa kwanza uwe E, wa tatu upandishe hadi A, wa nne D, wa tano ushushe hadi G. Uzi wa gitaa una kishanga cha shaba mwishoni, banjo linataka kitanzi. Kibane kishanga kwa plaizi mpaka kipasuke, kitanzi kitabaki. Fumba macho au vaa miwani. Mimi kipande kilinirukia shavuni.

Sasa kutuni kwingine. GDAD ni kulegeza uzi mmoja tu, bure. GDGD ni kulegeza miwili, bure pia, na hapo ndipo ninapokaa: ni G na D peke yake, hakuna sauti ya kuamua kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni, kwa hiyo ukipiga kando ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mwimbaji yuko huru.

GDGB ni tamu zaidi, ukipitisha mkono mtupu unapata kodi kamili ya G. Ila kushusha E hadi B ni nusu-sauti tano. Uzi mwembamba unalegea, unakoroma kwenye freti. Utoe, ufunge uzi wa pili wa gitaa, ambao ni B tangu kiwandani. Pesa huongezi, seti ni ileile. Unachopoteza ni muda, maana katikati ya shughuli huwezi kurudi GDAE.

Ukiikosa seti hapa, Mwanza si mbali kama zamani: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kivuko hakikusubirishi.

Uzi wa sita hauna kazi kwenye banjo. Wangu umefunga mlango wa banda la kuku.